Jedwali la Mama Rangi

Kama umewahi kuingia duka la vifaa vya ujenzi na kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, ukamkabidhi mama aliye nyuma ya kaunta, naye akakitupia jicho mara moja tu na kuanza kuhesabu matone, basi Mama Rangi unamjua hata kama hamjaonana. Alisimama nyuma ya kaunta yake miaka kumi na tisa, aproni imejaa madoa hata usingeweza kusema ilianza maisha ikiwa rangi gani, na hakuwahi kukosea kipimo. Sisemi alikosea mara chache. Nasema hakuwahi. Alilijua hilo, akaringa nalo, na nani angemlaumu?

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Unachukua kopo la rangi nyeupe, unatia matone: manjano kumi na mawili, bluu saba, nyeusi matatu, kadiri mteja atakavyo. Unafunga. Unatikisa mpaka mkono ulie. Unafungua tena, unachovya kidole, unapaka doa juu ya kifuniko ili mteja aone anachonunua. Mwisho unabandika karatasi yenye hesabu ya matone kwa mwandiko wako. Mama Rangi alifanya hivyo mara arobaini kwa siku, na humo humo ndimo alimopatia mume.

Maana miaka kumi na minane nyuma, fundi viatu mmoja mpole, mwembamba, alikuja kununua rangi ya mlango wa kibanda chake. Kopo dogo. Wiki iliyofuata akarudi: ile haikumkaa, anataka nyingine. Wiki ya tatu, hivyo hivyo. Mpaka wiki ya kumi na moja, makopo kumi na moja, mlango mmoja! Duka zima lilishajua yule mteja anaumwa nini, isipokuwa yeye mwenyewe aliyedhani amejificha. Wakaoana. Na mlango wa kibanda, mpaka siku ninayokusimulia, ulikuwa mbao tupu.

"Bado sijaamua," Fundi husema akitaniwa. Watu hucheka, naye hucheka nao, na habari huishia hapo.

Sasa Mama Rangi alikuwa na jambo lake moja lililomnyima raha. Mwenye duka alikuwa mtu mwema, simsingizii, lakini rangi za Mama Rangi zilitoka mlangoni na risiti yenye jina la mtu mwingine. Alitaka chumba chake, kaunta yake, kibao chake. Na chumba kilikuwepo: cha kona, kando ya soko, kina dirisha pana na sakafu isiyo na ufa. Mwenye chumba alikuwa mkunga mstaafu, bibi mwenye saa kubwa mkononi na maneno machache.

"Laki nne," alimwambia Mama Rangi. "Nakupa miezi mitano, maana mimi ndiye niliyemleta binti yako duniani. Siku ya mwisho ni tarehe thelathini, saa sita mchana. Ikipita hapo nampa muuza simu, amesimama hapo analia kila siku."

"Laki nne nitakuletea, mama yangu."

"Maneno hayo kila mtu anayo. Lete laki nne."

Laki nne kwa miezi mitano ni elfu themanini kila mwezi. Ukiandika hivyo kwenye karatasi ni rahisi kama kumeza mate. Ila nyumba ya Mama Rangi ilikuwa na watu wanne na midomo minne: yeye, Fundi, binti yao wa miaka kumi na sita, na mama mkwe, yaani mamake Fundi, ambaye ulimi wake ulikuwa na nguvu kuliko miguu yake. Pesa iliingia nyumbani humo kwa mlango na kutoka kwa dirisha, na hakuna aliyewahi kuiona ikipita sebuleni.

Mhasibu wa dukani, dada mmoja wa kucha ndefu, ndiye aliyemwonea huruma. "Dadangu, hiyo huwezi kuihesabu kichwani. Nitakupa jedwali la kompyuta. Unajaza tu, linajumlisha lenyewe." Akampa na kompyuta ya mkononi iliyostaafishwa ofisini, iliyokosa kitufe kimoja. Fundi alikata kipande cha ngozi ya soli, akakichonga, akakigandisha palepale penye pengo, na kuanzia hapo kila ulipobonyeza ulisikia kama mtu anagonga kiatu.

Jumapili ya kwanza, baada ya chai, familia nzima ikaketi mezani kumpokea mgeni. Binti alifungua kompyuta. Ewe Mola! Jedwali lilikuwa limetengenezwa na watu wa wapi, sijui. Mhasibu alilitoa mtandaoni na kulitafsiri haraka haraka, na mistari yake ilisomeka hivi: Bwawa la Kuogelea. Daktari wa Mbwa. Ada ya Klabu ya Gofu. Kuzoa Theluji.

"Kuzoa nini?" aliuliza mama mkwe.

"Theluji, Bibi."

"Tunaizoa wapi?"

"Hatuizoi, Bibi."

"Basi mbona tunailipia?"

Hapo ndipo kicheko kilipoanza, na nakwambia hakikukoma mpaka meza ikawa inatetemeka. Wakakubaliana kulishona upya, kama gauni la mtumba: hapa punguza, hapa ongeza, hapa toa kifungo. Daktari wa Mbwa akafutwa, mahali pake akaandikwa Mjomba, maana nduguye Mama Rangi alikuwa hapiti mlango huo bila kuondoka na kitu. Kuzoa Theluji kukawa Wageni Wasiopiga Simu. Gofu ikawa Ngozi na Gundi, za kazi ya Fundi. Bwawa la Kuogelea, mama mkwe alikataa lisifutwe. "Liacheni. Liandikeni sifuri. Nataka nione kila wiki kwamba kuna kitu hatukukitumia."

Na likabaki. Sifuri yake ilisomwa kila Jumapili kwa sauti, na kupigiwa makofi.

Kisha Fundi, ambaye huwa haongei mpaka aombwe, akasema polepole, "Kila mtu awe na mstari wake mdogo. Elfu mbili kwa wiki. Asiulizwe."

"Asiulizwe nini?"

"Ndiyo hivyo. Uitwe Usiulize."

Wazo hilo lilipendwa kuliko yote. Usiulize ya Binti, Usiulize ya Fundi, Usiulize ya Mama Rangi, na Usiulize ya Mama Mkwe, ambaye aliapa hapohapo kwamba atakayeuliza ataona. Na chini kabisa, kwa herufi nene, ukawekwa mstari uliowakutanisha mezani: CHUMBA.

Ikabaki sehemu ya Mama Rangi mwenyewe. Mhasibu alikuwa amemwonyesha kwamba kisanduku kinaweza kujipaka rangi: matumizi yakiwa salama kinakuwa kijani, yakizidi kinakuwa chekundu. Weee! Umemwambia nani? Mama Rangi alivuta kiti kana kwamba anaingia kazini. Kijani cha kompyuta alikikataa kinanguruma, nyekundu akaikataa inapiga kelele. Alikaa saa mbili nzima akipunguza huku na kuongeza kule, mpaka akapata kijani cha jani lililokomaa na nyekundu ya tofali la kuchoma, zote mbili zina uzito mmoja, hakuna iliyoizidi mwenzake kung'aa wala kufifia.

"Tazameni," alisema, kifua mbele. "Hazigombani machoni."

"Hazigombani hata kidogo," alisema Fundi.

Mama mkwe alimtazama mwanawe, akafunika mdomo kwa kikombe.

Miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri kupindukia. Mama Rangi ndiye alikuwa akienda sokoni, ndiye alikuwa akifungua Jedwali kila jioni kabla ya chakula, na Chumba kikapanda: themanini, laki na sitini, laki mbili na arobaini. Alikuwa akitembea njiani anachekacheka peke yake hata watu wakampisha. Mwezi wa nne, dukani wakapata kazi ya kupaka jengo la ghorofa tano, na Mama Rangi akawa anatoka alfajiri na kurudi hoi. Akamkabidhi mumewe kapu la soko.

"Huna haja ya kuhesabu kitu, Fundi. Kabla hujatoka, fungua Jedwali, angalia rangi. Kijani, nunua. Nyekundu, acha. Hata mtoto anaweza."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Nadhani jasho jembamba lilimtoka hapo, lakini Mama Rangi alikuwa ameshageuka.

Ikaja Jumapili ya tarehe kumi na nane, mwezi wa mwisho. Ghorofa tano zimekwisha, Mama Rangi amelala akashiba, amekunywa chai, anaimba. Akafungua Jedwali kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita, akitegemea kukuta laki nne kasoro visenti. Wimbo ukakatika. Nyama, nyekundu. Sukari, nyekundu. Ngozi na Gundi, nyekundu. Mjomba, jamani, Mjomba alikuwa mwekundu kutoka juu mpaka chini! Na Chumba kilisema laki tatu na elfu kumi. Imepungua elfu tisini, na zimebaki siku kumi na mbili.

"Fundi! Njoo hapa."

Fundi akaja na nyundo mkononi.

"Unaona nini hapa?"

"Naona Jedwali."

"Mstari wa nyama una rangi gani?"

Binti akaacha kutafuna.

"Nzuri," alisema Fundi.

"Nzuri si rangi! Nakuuliza rangi gani!"

"Ya… ya tofali la jani."

Damu ilimchemka Mama Rangi. Miezi mitano! Chumba kinaondoka anakitazama, muuza simu anakipata, na huyu bwana anamfanyia utani? Alifungua mdomo amwage yote, na sijui angesema nini, maana alipokuwa anavuta pumzi ikasikika sauti kutoka kwenye kiti cha pembeni. Mama mkwe alikuwa anacheka. Si kwa ubaya. Alikuwa anacheka mpaka machozi, mabega yanaruka, kikombe kinamwagika.

"Mwambie mkeo," alisema, "au nimwambie mimi."

"Mama, tafadhali."

"Basi nasema mimi. Mkwe wangu, huyu tangu mdogo nikimtuma pilipili nyekundu analeta za kijani. Nikimtuma nyanya zilizoiva analeta mbichi. Nilimchapa mwaka mzima nikidhani ni kiburi, Mungu anisamehe. Siku moja nikamwekea mbili mezani, nikamwambia chagua, nikaona machozi yanamtoka. Haoni tofauti, mwanangu. Kwake nyekundu na kijani ni kitu kimoja."

Mama Rangi akaketi.

Picha zikamjia zikifukuzana. Vikopo vya dawa ya viatu pale kibandani, kila kifuniko kimekwaruzwa kwa msumari: mkwaruzo mmoja nyeusi, miwili kahawia, mitatu nyekundu. Miaka yote hiyo alidhani ni desturi ya mafundi viatu. Nyuzi zimefungwa mafundo. Magauni yake, jamani, magauni! Kila akisimama mlangoni, "Hii inanikaa?", na Fundi, "Inakukaa." Ile ya kijani, inakukaa. Ile nyekundu, inakukaa.

"Miaka kumi na minane," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa nini hukuniambia?"

Fundi aliitazama nyundo yake. "Wewe ni mchanganya rangi," alisema. "Hakuna anayekushinda. Ningekuambiaje kwamba kazi yako nzuri kuliko zote mimi siioni? Niliogopa utaniona nusu mtu. Halafu siku zikapita, na kila siku ikawa ngumu kuliko ya jana. Na hili la chumba… nilikuwa natazama visanduku, nabahatisha. Nikajiambia, kama ni vibaya atasema. Nimekuharibia, mke wangu. Nisamehe."

Iliuma. Nisikudanganye, iliuma, na macho yakamjaa. Lakini alipoinua kichwa kujibu, akayaona tena yale maneno: tofali la jani. Akajaribu kujizuia. Akashindwa. Ilianza puani, ikashuka tumboni, na Mama Rangi akaanguka juu ya meza kwa kicheko, akipiga meza kwa kiganja, "Tofali la jani! Wallahi, tofali la jani!" Binti akafuata, mama mkwe hakuwa ameacha, na mwisho Fundi mwenyewe akaketi sakafuni, kashika mbavu. Jirani aligonga ukuta kuuliza kama kuna msiba.

"Na ile kanzu niliyokuwa naipenda?" aliuliza Fundi alipopata pumzi. "Ni rangi gani?"

"Waridi, Fundi. Waridi ya peremende."

"Nimeivaa kwenye mikutano ya mafundi miaka saba!"

"Ilikukaa," akasema Mama Rangi, na wakaanguka upya.

Baada ya hapo kazi. Siku kumi na mbili, elfu tisini. Kwanza Jedwali lirekebishwe, na safari hii Fundi ndiye aliyeshika usukani. "Rangi toa," alisema. "Weka neno." Binti, ambaye shuleni aliwashinda wote kwa kompyuta, akaandika fomula: matumizi yakiwa salama, kisanduku kinaandika neno, yakikaribia kikomo, neno lingine, yakizidi, la tatu. Maneno yaamuliwe na nani? Wote wakamgeukia mama mkwe, ambaye alijiweka sawa kwenye kiti kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"La kwanza andika: Haya, mwanangu."

Tap, tap, tap.

"La pili: Angalia hapo."

"Na la tatu, Bibi?"

"UKOME! Kwa herufi kubwa."

Basi nyumba ikawa na Jedwali lenye ulimi wa mama mkwe. Fundi akifungua kabla ya soko, anasoma Nyama: UKOME! Anarudisha kapu ukutani. Sukari: Angalia hapo. Ananunua robo. Mjomba alipokuja kama kawaida yake, Fundi hakusema neno, alimgeuzia kompyuta tu akasoma mwenyewe mstari wenye jina lake. Mjomba aliondoka mikono mitupu, akiwa amesahau hata kofia. Na siku ya tatu mama mkwe aliponunua peremende zaidi ya kipimo, kisanduku kikamfokea.

"Nani kaniambia hivi?" alihamaki.

"Wewe mwenyewe, Bibi."

Lakini kubana peke yake kusingetoa elfu tisini, kila mmoja alilijua hilo. Fundi ndiye aliyelileta jibu, likiwa ndani ya magunia mawili. Kila fundi viatu anayo magunia hayo: viatu vilivyotengenezwa na wenyewe hawakurudi. Mafundi wengine huviuza. Fundi hakuweza. Alikuwa anavipaka dawa kila mwaka na kuvirudisha gunia. Jozi arobaini na tatu, na mguu mmoja wa kushoto.

"Wote nawakumbuka," alisema. "Nyumba zao nazijua. Hawaji, basi twende sisi."

Ungeiona ile familia! Kila alasiri kazi zikiisha, Fundi mbele na gunia, Mama Rangi nyuma na orodha, Binti na viatu vya kike vimening'inia shingoni. Wanabisha hodi. Mlango unafunguliwa. "Shikamoo mzee, tumekuletea viatu vyako." Wengine walipiga kelele kama wameona mzuka. Mwalimu mmoja alivikumbatia vyake, akalipa na kuongeza. Mama mmoja alikuta raba za mwanawe wa darasa la kwanza, na mwanawe huyo alikuwa amesimama nyuma yake na ndevu; akalipa hivyo hivyo, akaziweka kabatini. Bwana mmoja alikunja uso.

"Hivi si vile vya harusi yangu?"

"Ndivyo."

"Fundi, ndoa yenyewe imeshakwisha!"

"Soli haijaisha," alisema Fundi, na yule bwana akacheka mpaka akalipa.

Na ule mguu mmoja wa kushoto? Wakaupeleka kwa dereva wa lori, ghorofa ya tatu. Alipouona alitoa macho, akakimbilia chumbani, akasikika akivuta vitu chini ya kitanda, akarudi na wa kulia, umefunikwa vumbi la miaka sita. "Nilijua!" alipaaza sauti. "Mke wangu kila siku ananiambia tupa, nami namwambia mwenzake atarudi!" Akavivaa palepale, akacheza ukumbini na soksi moja. Aliwalipa mara mbili, wakashuka ngazi wakishikilia kuta kwa kucheka.

Kila walichopata kiliingia mstari mpya, Viatu Vilivyosahaulika, na kila walipobonyeza kile kitufe cha ngozi Jedwali lilijibu: Haya, mwanangu. Elfu kumi na mbili. Haya, mwanangu. Thelathini na moja. Haya, mwanangu. Sitini. Wengine walikuwa wamehama, wengine walifunga mlango, ndivyo watu walivyo.

Asubuhi ya tarehe thelathini magunia yalikuwa matupu na viatu vimeleta elfu sabini na nane. Chumba kilisoma laki tatu na elfu themanini na nane. Imepungua elfu kumi na mbili. Saa nne.

Hakuna aliyecheka. Mama Rangi alifunga na kufungua Jedwali mara tatu, kana kwamba elfu kumi na mbili zimejificha nyuma. Fundi alikuwa ameshavua saa yake na kuiweka mezani, saa ambayo kusema kweli haikuwa na mshale wa dakika. Mama Rangi akamshika mkono. "Umejitahidi," alimwambia. "Basi. Tumejitahidi wote."

Mama mkwe alikohoa. Akavuta upindo wa nguo yake, akaanza kufungua fundo kwa vidole na meno, bila haraka hata kidogo, kana kwamba muuza simu hayupo duniani. Ndani mlikuwa na noti zilizokunjwa ndogo ndogo. Akahesabu sita za elfu mbili mbili, akaziweka mezani, akafunga fundo.

"Mama! Hizi zimetoka wapi?"

"Mstari wangu unaitwaje?"

"Usiulize."

"Basi."

Walikimbia. Nasema walikimbia, mtu na mumewe, soko zima likiwatazama, Mama Rangi na aproni yake ya madoa, Fundi na kanzu yake ya waridi aliyokataa katakata kuiacha. Mkunga mstaafu alikuwa ameketi mlangoni, macho kwenye saa yake kubwa. Muuza simu ameshaleta meza. Ilikuwa saa tano na nusu. Mkunga alihesabu mara mbili, akalamba kidole, akahesabu ya tatu.

"Chukua meza yako, baba," alimwambia muuza simu, na ufunguo ukaangukia kiganjani mwa Mama Rangi. Mama Rangi alipiga kigelegele hata wauza vitunguu wakaitikia bila kujua ni cha nini.

Jumamosi ya kwanza, asubuhi, kaunta ilikuwa imesimama na makopo meupe yamepangwa. Kitu kimoja tu kilibaki. Mlango ulikuwa mbao tupu.

"Mlango uchague wewe," Mama Rangi alimwambia mumewe.

"Mimi? Nichague rangi?"

"Wewe."

Fundi akatoka. Akarudi baada ya nusu saa, amebeba sanduku la mbao, akaliweka sakafuni kwa uangalifu. Ndani kulikuwa na makopo madogo kumi na moja, hayajafunguliwa hata moja. Karatasi zimepauka, lakini mwandiko ulikuwa wake Mama Rangi, wa usichana wake, wenye mikia mirefu. Na kila kifuniko kilikwaruzwa kwa msumari: mkwaruzo mmoja, miwili, mitatu, mpaka kumi na mmoja.

"Rangi zake sikuzijua," alisema Fundi. "Nilizijua kwa siku. Hii ya kwanza, ulikuwa umejifunga kitambaa cha madoadoa. Hii ya sita, mvua ilinyesha ukaniambia nisubiri. Hii ya tisa ulikuwa na mafua." Akainua ya nne, akaishika kwa mikono miwili. "Nachagua hii. Siku hii hukuniita mteja. Uliniita Fundi."

Mama Rangi akaipokea ili aifungue, na jicho lake la kazi likagundua jambo kabla ya moyo. Vifuniko kumi vilikuwa na doa la rangi juu yake, kama utaratibu unavyotaka. Hiki cha nne hakikuwa nalo. Hakuwa amelifungua kopo baada ya kulitikisa. Hakuwa ameitazama rangi kabisa siku ile.

Akakibandua kwa bisibisi. Utando wa juu ulikuwa umeganda, akautoboa, na chini yake ikatokea rangi ya ajabu, kijani cha bamia iliyosahaulika jikoni siku tatu. Akasoma karatasi: nyeusi, matone matatu. Akaitazama rangi. Haikuwa matatu hata kidogo. Akachovya kidole, akakipeleka dirishani kwenye mwanga, akahesabu kwa jicho lile lisilokosea.

"Sita," alinong'ona. "Nilitia sita."

"Umekosea?" Fundi hakuamini. "Wewe?"

"Mkono ulikuwa unatetemeka."

Wakatazamana. Kisha ikaanza tena, puani, tumboni, wakashikana mabega katikati ya chumba kile chenye sakafu isiyo na ufa, wanacheka na kulia kwa pamoja, na mkunga mstaafu akachungulia, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kopo moja dogo lisingetosha mlango. Mama Rangi alifuta macho kwa aproni, akachukua kopo kubwa jeupe, akaanza kuhesabu. Manjano yalivyoandikwa. Bluu ilivyoandikwa. Alipofika kwenye nyeusi hakutazama karatasi tena. Alitia matone sita, moja moja, na mkono wake haukutetemeka.